Viungo vya Tovuti Katika Barua Pepe: Hakikisha Vinafunguka Kabla ya Kutuma



Kamati moja ya parokia katika eneo letu la kazi ilikamilisha awamu ya kwanza ya mradi wa maji wa kijiji. Chanzo kilijengewa, mtaro wa bomba ulichimbwa kwa nguvu za wananchi, na picha zilipigwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Katibu alisafiri hadi Katesh, ambako mtandao ni mzuri kuliko kijijini, akapandisha picha 24 kwenye hifadhi ya intaneti. Kisha aliwaandikia wafadhili barua pepe, akaeleza kazi iliyofanyika na kuomba fedha za awamu ya pili kwa ajili ya kununua mabomba. Chini ya barua aliweka kiungo cha picha. Alipokibofya mwenyewe kilifunguka vizuri. Akatuma, akarudi nyumbani akiwa na amani.

Wiki sita zilipita bila jibu. Kule ng'ambo wafadhili walibofya kiungo wakakuta ukurasa unaosema hawana ruhusa ya kuona picha hizo. Waliomba ruhusa kama ukurasa ulivyowaelekeza. Ombi lao liliingia kwenye sanduku la barua la akaunti iliyofunguliwa na kijana mmoja kwa niaba ya kamati. Kijana huyo alikuwa amekwenda masomoni Dodoma, na katibu, aliyekuwa akituma barua kwa anwani yake mwenyewe, hakujua kwamba kuna sanduku jingine la kufungua. Wafadhili wakaanza kuulizana kwa nini parokia inaficha picha. Kamati nayo ikajiuliza kwa nini wenzao wamewachoka.

Jambo hili lilimalizika kwa simu ya dakika kumi. Fedha zilifika, lakini masika yalikuwa yameshaanza, na sehemu ya mtaro ilijaa tope ikabidi ichimbwe upya. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Kiungo kimoja tu ndicho kilichokataa kufunguka.

Katika toleo hili tunaeleza kwa nini mambo kama haya hutokea, na nini kifanyike ili ripoti zenu kutoka Mbulu na Hanang ziwafikie walengwa zikiwa kamili.

KIUNGO NI NINI?

Kiungo, ambacho wengi tunakiita linki, ni anwani ya mahali fulani kwenye intaneti iliyoandikwa kwa namna ambayo msomaji akiibofya anapelekwa moja kwa moja. Ni sawa na kumwelekeza mgeni anayetoka Babati kwenda Dongobesh: apite Dareda, apande mlima, apite Bashanet, kisha aendelee hadi afike. Mgeni wetu akikosea njia, atamkuta mama barabarani au kijana mchunga ng'ombe, na kwa kuwa kuuliza si ujinga, ataelekezwa upya. Kompyuta haiulizi mtu. Inafuata maelekezo herufi kwa herufi, na ikikosa mahali pamoja inasimama na kusema ukurasa haupatikani.

Chukua anwani hii ya mfano tu: https://www.mfano.or.tz/ripoti/Maji-2024.pdf. Ina sehemu tatu. Herufi za mwanzo, https, zinaeleza njia ya mawasiliano, na ile s ya mwisho ina maana kwamba mazungumzo kati ya kifaa chako na tovuti yamefungwa ili wengine wasiyasome njiani. Sehemu ya pili, www.mfano.or.tz, ni jina la tovuti. Sehemu ya tatu, kuanzia mkwaju unaofuata, inaonyesha folda na faili. Katika jina la tovuti herufi kubwa na ndogo hazina tofauti. Katika sehemu ya tatu mara nyingi zina tofauti: Maji na maji zinaweza kuwa mafaili mawili, au moja likawepo na jingine lisiwepo.

KWA NINI BARUA PEPE HUHARIBU VIUNGO?

Barua pepe ni ya zamani kuliko tovuti. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971 huko Marekani. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la mtandao wa tovuti mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na jiji la Geneva. Barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi ya kawaida yenye mistari mifupi. Hata leo kanuni zake zinashauri mstari usizidi herufi 78, na zinakataza mstari kuzidi 998. Anwani ndefu ya tovuti inaweza kupita herufi 78 kwa urahisi. Programu nyingi za leo zinajua kuishughulikia, lakini baadhi bado huukata mstari, hasa barua inapotumwa kama maandishi matupu au inapopelekwa mbele kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Hapo nusu ya kwanza ya anwani inabofyeka, na nusu ya pili inabaki chini kama maneno ya kawaida.

MAKOSA TUNAYOYAONA MARA KWA MARA

1. Kuandika anwani kwa mkono. Herufi l na namba 1, herufi O na sifuri, kistari cha kati na kistari cha chini: vyote hivi vinafanana machoni. Anwani ikipigiwa mstari chini, kama viungo vingi vilivyo, kistari cha chini hupotea kabisa mbele ya macho. Fungua ukurasa wenyewe kwanza, nakili anwani kutoka kwenye kisanduku cha juu, kisha ibandike ndani ya barua.

2. Kuweka nukta, koma au mabano mara baada ya anwani. Tumefundishwa shuleni kumaliza sentensi kwa nukta, na ni vizuri. Lakini baadhi ya programu huichukua nukta hiyo kuwa sehemu ya anwani. Dawa yake ni rahisi: weka anwani peke yake kwenye mstari wake, na nukta ya sentensi ibaki kwenye mstari wa juu. Zamani watu walishauriwa pia kuizungushia anwani alama za < na >. Ushauri huo bado unasaidia katika barua za maandishi matupu.

3. Nafasi katika jina la faili. Anwani ya tovuti hairuhusu nafasi kati ya maneno. Faili lenye jina "Ripoti ya maji robo ya pili" likipandishwa kwenye tovuti, kila nafasi inageuzwa kuwa alama %20, na anwani inakuwa ndefu na ya kutisha. Ukiiandika wewe mwenyewe ukiacha nafasi, kiungo kinaishia kwenye neno la kwanza. Yape mafaili majina mafupi yasiyo na nafasi, kwa mfano ripoti-maji-robo2.pdf.

4. Kutuma anwani ya kompyuta yako mwenyewe. Anwani inayoanza na file au C: inaonyesha faili lililo ndani ya kompyuta ya ofisi ya parokia. Kwako itafunguka kila siku. Kwa mfadhili haitafunguka kamwe, kwa sababu ni sawa na kumwambia mtu aliye Ujerumani kwamba barua yake iko kwenye droo ya meza yako.

5. Kusahau ruhusa. Hili ndilo lililoikuta kamati tuliyoitaja. Ukiweka faili kwenye hifadhi kama Google Drive, kwa kawaida faili hilo linakuwa lako peke yako mpaka uwaruhusu wengine. Ingia kwenye sehemu ya kushirikisha, kisha chagua kwamba mtu yeyote mwenye kiungo anaweza kuona. Angalia vizuri kwamba umechagua kuona tu. Ukichagua kuhariri, yeyote atakayekipata kiungo anaweza kubadili hesabu zenu au kufuta picha.

6. Kutumia akaunti ya mtu mmoja. Vijana wetu wanakwenda masomoni, makatibu wanamaliza muda wao, na wengine wanatutoka. Faili likibaki kwenye akaunti ya mtu, kiungo kinaishi kwa muda ule tu ambao mtu huyo anaitunza. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2, pamoja na vilivyomo. Kamati iwe na akaunti yake, neno la siri litunzwe na watu wawili kwa uchache, na sanduku lake la barua lifunguliwe walau mara moja kwa wiki.

7. Kuhamisha au kufuta faili baada ya kutuma. Mfadhili anaweza kuisoma barua yako baada ya miezi minane, siku ya mkutano wao wa mwaka. Ukiwa umelifuta au umebadili jina la faili kwenye tovuti, kiungo cha zamani kinakufa. Hata makampuni makubwa hufunga huduma zao. Oktoba 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, ambayo ilikuwa imebeba kurasa za watu wengi duniani, na viungo vyote vilivyoelekea huko vikakosa mahali pa kwenda. Hivyo basi, tovuti isiwe ghala lenu pekee. Tunzeni nakala ya kila ripoti kwenye karatasi na kwenye kifaa cha kuhifadhia kinachofungiwa kabatini.

VIUNGO NA UAMINIFU

Kiungo kinaweza kuvaa nguo isiyo yake. Maneno yanayoonekana kwenye barua yanaweza kuandikwa jina la tovuti moja, na anwani iliyofichwa chini yake ikaelekea kwingine. Matapeli hutumia njia hiyo kuiba maneno ya siri na fedha. Sisi Watanzania tunawafahamu ndugu zao wa kwenye simu, wale wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu wa aina hii kuwa kosa la jinai, lakini sheria haiwezi kubofya kwa niaba yako wala kuacha kubofya kwa niaba ya mfadhili.

Kwa sababu hiyo mfadhili mwangalifu huogopa kiungo asichokielewa, na ana haki. Tukumbuke tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80. Watu wengi wa ndani na nje ya nchi walitaka kusaidia. Katika siku za namna hiyo mtu mwenye moyo wa huruma anahitaji kujua haraka kama kiungo alichopelekewa kinatoka kwa watu anaowafahamu. Uaminifu huo haujengwi siku ya maafa. Unajengwa na barua ndogo ndogo za kila robo mwaka, ambazo kila kiungo ndani yake kilifunguka na kuonyesha kile kilichoahidiwa.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

- Eleza kwa maneno kiungo kinafungua nini. Badala ya "bofya hapa", andika "Picha 24 za ujenzi wa chanzo cha maji, Januari hadi Machi", kisha weka anwani yenyewe kwenye mstari unaofuata.

- Taja ukubwa wa faili likiwa kubwa. Mwenzako wa Haydom au Basotu anayetumia bando la simu atakushukuru.

- Epuka anwani zilizofupishwa na huduma kama TinyURL, isipokuwa una sababu nzuri. Zinapendeza kwa ufupi wake, lakini zinaficha mwisho wa safari, na huduma ya kufupisha ikifungwa, kiungo nacho kinaweza kufa.

- Mabadiliko ya akaunti ya benki yasitumwe kamwe kwa barua pepe peke yake, kwa kiungo wala kwa kiambatisho. Yathibitishwe kwa simu kwenye namba ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo tangu awali.

Aidha, tunawakumbusha wajibu wetu kwa watu wanaoonekana katika picha na ripoti. Kiungo kilichofunguliwa kwa kila mwenye nacho kinaweza kusambazwa kwa watu msiowafahamu. Orodha ya kaya zinazopata msaada, majina ya wagonjwa au ya watoto wanaosomeshwa visiwekwe huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu. Hata kabla ya sheria hiyo, heshima ya jirani ilitutaka vivyo hivyo.

BARUA INAYOCHAPISHWA

Hapa kwetu barua pepe nyingi haziishii kwenye kompyuta. Katibu anaichapisha, Paroko anaisoma mbele ya kamati, na nakala inabandikwa kwenye ubao wa matangazo au kupelekwa kigangoni. Karatasi haibofyeki. Kama anwani imefichwa chini ya maneno "soma zaidi", anayesoma ubaoni hana la kufanya. Huko ng'ambo pia wapo wazee wanaochapishiwa ripoti zenu ili wazisome kwenye mkutano wao. Ni vyema basi anwani iwe fupi na ionekane kamili, na habari muhimu iwe ndani ya barua yenyewe. Kiasi kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki viandikwe katika barua. Kiungo kiwe cha kuongezea ushahidi, kisiwe mahali pekee ulipo.

JINSI YA KUPIMA KIUNGO

Katibu wetu alikipima kiungo chake na kikafunguka. Kosa lake ni kwamba alikipima akiwa mwenye nyumba. Kompyuta ilikuwa tayari inamjua, hivyo mlango haukuwa umefungwa kwake. Kiungo kinapimwa na mgeni. Fanya hivi:

Kwanza, jitumie barua hiyo wewe mwenyewe kabla ya kuituma kwa mwingine. Ifungue ilivyofika, usiitazame ilivyoandikwa, ubofye kila kiungo kimoja kimoja.

Pili, ifungue kwenye kifaa kingine ambacho hakijaingia kwenye akaunti ya kamati. Kama una kompyuta moja tu, tumia dirisha la faragha la programu yako ya kufungulia tovuti. Dirisha hilo halikumbuki wewe ni nani, kwa hiyo litakuonyesha kile ambacho mgeni anakiona.

Tatu, mtumie mtu mmoja aliye nje ya kamati, mwenye simu ya kawaida na mtandao wa kawaida, na umwombe akueleze ameona nini. Usimuulize kama kimefunguka. Muulize picha ya kwanza inaonyesha nini. Akisema "naona wanawake wanne wamesimama kwenye mtaro", kazi imekwisha.

Nne, kibofye tena baada ya wiki moja. Kama wafadhili hawajajibu, andika mistari miwili kuuliza kama viungo vimefunguka. Swali hilo si la aibu.

KWA WAFADHILI NA MARAFIKI WETU

Ninyi pia mnatutumia viungo, na baadhi yake havifunguki huku. Fomu ya ripoti inayojazwa mtandaoni inaweza kujifunga yenyewe baada ya dakika chache, wakati umeme wa Dongobesh umekatika au mtandao umepungua. Tunaomba fomu hizo zije pia kama kiambatisho kinachoweza kujazwa taratibu na kurudishwa.

Kama kiungo chetu kimekataa, tafadhali tuandikieni siku hiyo hiyo na mtueleze maneno mliyoyaona kwenye skrini. "Ukurasa haupatikani" ni ugonjwa tofauti na "huna ruhusa", na kila mmoja una dawa yake. Fahamuni pia kwamba baadhi ya ofisi zina mitambo inayokagua kila barua inayoingia na kubadili anwani zilizomo ili zipite kwanza kwenye ukaguzi. Kiungo kikibadilishwa hivyo kinaweza kuonekana cha ajabu hata kama tuliwatumia kilicho sahihi. Mkiwa na shaka, msibofye. Tupigieni simu.

KAZI KWA KAMATI

Katika kikao chenu kijacho, chukueni barua pepe ya mwisho mliyomtumia mfadhili. Ifungueni kwenye simu ya mjumbe ambaye hakuiandika, kisha mjadili:

- Je, kila kiungo kimefunguka, na kimeonyesha kile tulichokitaja?
- Akaunti yenye mafaili yetu ni ya nani, na akihama leo nani ataweza kuifungua?
- Je, kuna jina au picha ya mtu ambayo hatukupaswa kuiweka wazi?
- Nani katika kamati yetu atakuwa mgeni wetu, wa kupima kila barua kabla haijatumwa?

Kazi hii haizidi nusu saa. Kamati tuliyoanza nayo sasa inaifanya kila robo mwaka, na aliyechaguliwa kuwa mgeni ni mama mmoja wa kigango cha mbali, mwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wanasema kiungo kikifunguka kwake, kitafunguka popote. Maji yalifika kijijini mwaka huo huo, na picha za siku ya kufungua bomba zilionekana kule ng'ambo jioni ile ile.